Nane

Wamemleta Nergui jana alasiri, umri miaka sita,
nyuma ya pikipiki ya mjomba, saa nne za baridi,
harufu ya hema la mama yake ingali kwenye kola:
moshi wa samadi, maziwa yaliyochacha, sufu.
Leo, kabla ya chai ya pili, ameng'ata mtu.

Mwalimu Oyungerel aliandika nane ubaoni.
Wenzake wakaizungusha, duara juu, duara chini.
Ya Nergui ikafumuka. Akaifuta, ikafumuka tena,
akatoboa karatasi, akachana ukurasa,
kisha daftari, kisha mkono wa Tserenpil ukawa karibu.

"Mtoeni nje apoe," akasema mkaguzi kutoka mjini,
na nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Kupoa huko nakujua.
Mwaka nilioletwa mimi kwenye bweni hili hili
walinifungia stoo ya makaa hadi ninyamaze.
Nilinyamaza.
Wakasema nimejifunza. Ndiyo:
nilijifunza kwamba makaa yana sauti yakitulia
na ufunguo una sauti ukienda zake.
Nane niliijua mwaka uliofuata.

Mimi si mwalimu. Mimi ni mlezi wa zamu ya usiku,
nafua mashuka yaliyolowa na siulizi ni ya nani.
Lakini nimekulia mifugoni, na nimemwona
kondoo aliyezaa katikati ya tufani ya theluji
akimkataa mwanawe, akimpiga kwato,
macho yamemtoka, hasikii, hanusi.
Bibi hakumchapa. Hakumuuliza, una akili wewe?
Alipiga goti kwenye samadi iliyoganda
akaanza: toig, toig, toig,
neno lisilo na maana hata kwetu,
kwa sauti ya chini, mpaka pumzi ya kondoo
ikaanza kuifuata pumzi yake.
Ndipo, si kabla, akamsogeza mwana.

Basi nikaketi sakafuni, karibu na jiko,
si karibu naye sana.
Nergui uvunguni, mori umempanda,
teke kwenye chuma, teke kwenye chuma.
Sikumuuliza kwa nini.
Kwa nini ni swali la mtu aliyekwisha kutulia.
Nikachochea moto, nikaanza.
Toig.
Goti likaniuma. Toig.
Mkaguzi mlangoni akatazama saa. Toig.
Mashuka yangu yakakauka kama mbao huko kambani.
Nusu saa, labda zaidi. Kisha mateke yakapotea hesabu,
na mkono ukatoka, mweusi kwa vumbi,
ukashika pindo la joho langu.

Naambiwa ndani ya kichwa cha mtoto mna njia.
Sijaziona. Nazijua za kondoo:
hakuna aliyezichora, zimekanyagwa tu,
mara ya kwanza majani yanainuka tena,
mara ya mia yanakubali.
Njia ya hofu hukanyagwa upesi, ina miguu mingi.
Hii nyingine, ya kurudi,
hawezi kuijua peke yake. Unapita naye.

"Nimemng'ata Tserenpil," akasema, mdomo ndani ya sufu.
"Najua. Alilia?"
"Sana."
"Tumpelekee nini?"

Akafikiri. Akatia mkono kifuani
akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa
vipande vya jibini kavu alivyofungiwa na mama yake,
vigumu kama kokoto. Akavipanga gotini pangu,
lile lililokuwa likiuma: saba.
"Vilikuwa vinane," akasema.
"Kimoja nilikila njiani, nikilia."

Mkaguzi aliandika kwamba mlezi
aliacha kazi zake kwa muda mrefu.
Ni kweli, mashuka mawili yalipasuka.

Na nane ya Nergui, ile ya jioni,
ilikuwa na tumbo kubwa na kichwa kidogo,
kama kondoo anayekaribia kuzaa.
Oyungerel alinitazama, kifutio mkononi.
Akakirudisha mfukoni.